Sura ya 5: Sahihi ya Mwenye Chama

Alasiri ya tarehe 25 Juni 2024, wabunge 195 wa Kenya walipiga kura kuunga mkono Mswada wa Fedha, na 106 wakaupinga. Nje, barabara za katikati ya Nairobi zilikuwa zimejaa vijana, na muda mfupi baadaye baadhi yao wakaingia ndani ya majengo ya Bunge. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Damu iliyomwagika siku ile imeandikwa sana, na itaendelea kuandikwa. Hapa nataka tukae kwanza na jambo lililotangulia, nalo ni simu. Kwa siku kadhaa nambari za wabunge zilisambazwa mitandaoni, na wananchi wakawapigia na kuwaandikia wawakilishi wao mchana na usiku wakitaka jambo moja tu: ukatae mswada huu. Ni nadra sana mbunge wa nchi hii kusikia matakwa ya watu wake yakiwa wazi kiasi hicho. Hata hivyo 195 walisema ndiyo.

Wapo wanaosema walihongwa. Wapo wanaosema ni watu wasio na haya. Huenda yote mawili ni kweli kwa baadhi yao, lakini maelezo hayo yanatufanya tutazame tabia za watu na kusahau hesabu waliyoipiga. Mwananchi aliyetuma ujumbe usiku ule angeweza kumwadhibu mbunge wake Agosti 2027, baada ya zaidi ya miaka mitatu. Kigogo wa chama angeweza kumwadhibu wiki hiyohiyo. Tuliyaona mwaka 2020, chama cha Jubilee kilipogawanyika: mwezi Mei Kipchumba Murkomen alivuliwa uongozi wa wengi katika Seneti, siku chache baadaye Kithure Kindiki akaondolewa kwenye kiti cha naibu spika, na mwezi Juni Aden Duale akapokonywa uongozi wa wengi katika Bunge la Taifa. Wabunge wa kawaida walitolewa kwenye kamati mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeondolewa kwa sababu barabara ya kwao haikujengwa au kwa sababu hakuwa akionekana bungeni. Waliondolewa kwa kuwa upande usiotakiwa na mwenye chama.

Kuna adhabu nyingine kubwa zaidi, nayo inamngoja mbunge mwishoni mwa muhula. Ni cheti cha uteuzi. Mwombaji wa kiti akitaka kusimama kwa jina la chama, lazima afike mbele ya afisa wa tume ya uchaguzi, IEBC, akiwa na karatasi inayosema kwamba chama kimemteua. Karatasi hiyo hutiwa sahihi na maafisa wachache wa makao makuu, ambao majina yao na mifano ya sahihi zao chama hupeleka kwenye tume mapema. Afisa wa uchaguzi analinganisha sahihi na mfano. Zikifanana, mtu ameteuliwa. Haulizwi wanachama wangapi walimpigia kura, wala kama kuna mwanachama yeyote aliyepiga kura.

Sura hii yote imesimama juu ya karatasi hiyo. Tumezoea kusema kwamba vyama vyetu ni dhaifu kwa sababu havina itikadi, au kwa sababu ya ukabila, au kwa sababu vinaishi muda mfupi. Ni kweli. Lakini ukitaka kujua mbunge anawajibika kwa nani, muulize nani anamtilia sahihi. Wananchi wa eneobunge hawawezi kumwogofya mtu ambaye hawakumpa tiketi na hawawezi kumnyima.

Uzito wa jambo hili uko kwenye ngome. Sehemu kubwa ya Kenya ni ngome ya chama fulani kwa wakati fulani. Huko mtu akishapata tiketi ameshapita, na kura ya Agosti inakuwa ya kuthibitisha. Uchaguzi wenyewe ni mchujo. Basi tazama tunavyouendesha. Kwa uchaguzi wa Agosti tuna tume ya kikatiba, sajili ya wapiga kura, vifaa vya kutambua alama za vidole, waangalizi kutoka nje na Mahakama ya Juu ikingoja malalamiko. Kwa mchujo tuna nini?

Nenda shule ya msingi yoyote iliyofanywa kituo siku ya mchujo katika ngome. Watu wamefika alfajiri na wameketi kwenye nyasi karibu na mlingoti wa bendera. Saa nne masanduku hayajafika. Saa sita inafika pikapu yenye karatasi za kura, na mawakala wanaizunguka kabla haijasimama. Karatasi ni za wadi jirani, au jina la mgombea mmoja halimo, au ni nusu ya zilizohitajika. Msimamizi, ambaye mara nyingi ni mwalimu aliyeitwa jana yake, ameweka dawati mlangoni. Orodha ya wanachama hana. Ana nakala ya sajili ya wapiga kura wote wa kituo, au hana chochote, na anayepanga foleni na kitambulisho anapewa karatasi. Anaweza kuwa mfuasi wa chama pinzani aliyelipiwa nauli aje amchague mgombea dhaifu. Jioni kura zinahesabiwa kwa taa ya simu. Matokeo hayabandikwi ukutani. Yanapelekwa makao makuu. Siku mbili baadaye redio inatangaza kwamba cheti amepewa aliyekuwa wa pili. Kisha watu wanachoma matairi barabarani, na mawakili wanakimbilia jopo la kusuluhisha mizozo ya vyama, ambalo lina siku chache za kuamua mamia ya kesi.

Afadhali huyo aliyepita hata kwenye mchujo mbovu. Wengine hupewa tiketi ya moja kwa moja, chama kikieleza kwamba kimeafikiana na wagombea, au kwamba kura ya maoni imeonyesha nani anapendwa. Kura hiyo ya maoni mwanachama haioni.

Haya hayakuanza jana, na chimbuko lake linatusaidia kuelewa kwa nini sheria zetu za vyama zinafanya kazi upande mmoja. Novemba 1964 chama cha KADU kilijivunja na wabunge wake wakavuka na kujiunga na KANU. Walikuwa wamechaguliwa na watu waliotaka majimbo na waliohofia KANU. Hakuna aliyewataka warudi kwa wapiga kura kuomba ridhaa upya. Miezi kumi na sita baadaye, Machi 1966, KANU ilikutana Limuru na kufuta wadhifa wa makamu mmoja wa rais wa chama, mahali pake pakawekwa makamu wanane, ili Jaramogi Oginga Odinga asiwe na pa kusimama. Jaramogi akatoka, wabunge kadhaa wakamfuata, wakaunda KPU. Safari hii Bunge lilikimbia kubadilisha katiba: mbunge akihama chama kilichompa kiti, kiti kinakuwa wazi. Masharti yaliandikwa kwa namna ambayo yasingewagusa waliotoka KADU. Ndipo ukaja uchaguzi mdogo wa Juni 1966, wa kujaza viti vya waliohamia KPU. Kanuni ya kwamba kiti ni cha wapiga kura ni kanuni njema, nami naiunga mkono. Lakini kwetu ilizaliwa kuwa rungu la chama tawala, na haijawahi kuacha kutumiwa hivyo.

Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na mchujo wa KANU ukawa ndio siasa yenyewe. Mwaka 1988 kura ya siri iliondolewa kwenye mchujo, watu wakapanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao. Mlolongo. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Kila aliyekuwepo angeweza kuona foleni ipi ni ndefu, na sehemu nyingi aliyetangazwa mshindi ni mwenye foleni fupi. Hasira za 1988 zilichangia kuvunja mfumo wa chama kimoja: Desemba 1990 wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani walikubali mlolongo ufutwe, na Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa tena.

Vyama vikaruhusiwa, ila hakuna aliyebadilisha utoaji wa tiketi. Naamini hapo ndipo tulipopoteza miaka thelathini. Tulifungua mlango wa kuunda vyama na kuacha kila chama kijiendeshe kama KANU ndogo. FORD, iliyoongoza mapambano, iligawanyika kabla ya uchaguzi wa 1992 kwa sababu Jaramogi na Kenneth Matiba hawakuafikiana kuhusu namna ya kumpata mgombea urais, na kila mmoja akabaki na FORD yake. Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Ndani ya ile FORD hakukuwa na utaratibu ambao wote wawili waliuamini wa kuhesabu nani ana wanachama wengi.

Tangu hapo hesabu vyama vilivyoshinda urais. NARC mwaka 2002, PNU mwaka 2007, TNA mwaka 2013 ndani ya muungano wa Jubilee, chama cha Jubilee mwaka 2017, UDA mwaka 2022. Vitano katika chaguzi tano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeshinda uchaguzi uliotangulia. Mwai Kibaki alichaguliwa kwa jina la NARC na akarudi kwa wananchi na PNU, iliyoundwa miezi michache kabla ya kura. Uhuru Kenyatta aliingia na TNA na akaomba muhula wa pili na Jubilee, iliyozinduliwa Kasarani Septemba 2016 baada ya vyama kadhaa kujivunja. Mpiga kura aliyetaka kuiadhibu NARC kwa ahadi ya katiba mpya ndani ya siku 100 hakuikuta kwenye karatasi mwaka 2007 ikiwa na mgombea yuleyule. Deni lilibaki, mdaiwa akawa amebadilisha jina.

Katiba ya 2010 ilijaribu kutibu. Ibara ya 91 inakitaka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na kifanye chaguzi za mara kwa mara zilizo huru na haki ndani yake. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 ikaongeza kwamba chama kisajiliwe kikiwa na angalau wapiga kura 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Ibara ya 103 ikairudisha kanuni ya 1966, na sheria ikaiongezea meno: mbunge anayepigia debe chama kingine hadharani anahesabiwa amejiuzulu chake.

Kwenye karatasi, masharti haya yanapendeza. Yalipokutana na wanasiasa yalikunjwa. Kabla ya uchaguzi wa 2013 wabunge walisogeza mbele tarehe ya mwisho ya kuhama vyama, mpaka mchujo wa vyama vikubwa ukafanyika tarehe 17 Januari, siku moja kabla ya orodha kufungwa. Walioanguka walitumia saa zilizobaki kutafuta vyama vidogo vyenye vyeti vya kugawa. Kati ya 2021 na mwanzoni mwa 2022 wabunge waliochaguliwa kwa Jubilee walisimama kwenye mikutano wakiwa na rangi ya manjano ya UDA na kuisifu wilbaro yake, huku mishahara yao ikiingia kama wabunge wa Jubilee. Sheria inayosema wamejiuzulu ilikuwepo. Viti vyao havikuguswa.

Na upande wa uwajibikaji wa Serikali, ambao ndio hasa shabaha ya kitabu hiki, hasara imekuwa kubwa zaidi. Julai 2024, wiki chache baada ya maandamano, Rais aliwateua mawaziri kutoka chama cha upinzani cha ODM: John Mbadi aliyekuwa mwenyekiti wa chama, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya waliokuwa manaibu wa kiongozi wa chama, na Opiyo Wandayi aliyekuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la Taifa. Kazi ya kiongozi wa wachache ni kuisimamia Serikali kwa niaba ya waliopiga kura upande mwingine, na kazi hiyo iliachwa katikati ili mwenye nayo akae upande wa pili wa meza. Tarehe 7 Machi 2025 ODM na UDA zikatia sahihi mkataba wa ushirikiano katika ukumbi wa KICC, Nairobi. Ni haki kusema kwamba Raila Odinga, kiongozi wa ODM wakati huo, alizunguka akifanya mikutano ya mashauriano kwanza. Lakini wanachama hawakupiga kura. Chama kilichokuwa na mamilioni ya wapiga kura kilihama kutoka upinzani kwa sahihi, kama vile mbunge anavyoteuliwa kwa sahihi.

Huenda msomaji akauliza: je, dawa si vyama vyenye nguvu zaidi, kama jirani zetu? Tanzania haina tatizo la chama kufa kila baada ya miaka mitano. CCM ipo tangu 1977, ina matawi hadi shinani na inafanya kura za maoni. Mbunge akipoteza uanachama anapoteza kiti, na mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ilisema mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Hata hivyo aliyeongoza kura za maoni anaweza kukatwa jina na vikao vya juu, na hilo lilitokea mwaka 2020. Mwaka huohuo CHADEMA iliwafukuza uanachama Halima Mdee na wenzake 18 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu, nao wakabaki bungeni kwa miaka mingi iliyofuata, kesi yao ikiwa mahakamani. Kwa hiyo kanuni ileile ya kupoteza kiti imewabana wengine na kuwaachia wengine. Chama imara ambacho tiketi yake inatoka juu humtengeneza mbunge anayetazama juu, kama kile chepesi. Tofauti ni kwamba wa kwanza hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo sitafuti chama chenye nguvu. Natafuta wanachama wenye nguvu, na kwa hilo mfano bora ninaoujua unatoka Ujerumani. Huko nako katiba inavitaka vyama viwe na demokrasia ndani, kama Ibara yetu ya 91. Ila sheria ya uchaguzi haikuishia kwenye maneno hayo. Chama kinapompeleka mgombea kwa msimamizi wa uchaguzi kinaambatanisha kumbukumbu za mkutano uliomteua: ulifanyika wapi na lini, wanachama walialikwa vipi, walifika wangapi, kura zilikwendaje. Watu waliohudhuria wanatoa kiapo kwamba kura ilikuwa ya siri. Karatasi hizo zisipokuwepo, hakuna mgombea.

Je, kuna anayejali? Mwaka 1991 jiji la Hamburg, ambalo pia ni jimbo, lilifanya uchaguzi wa baraza lake. Chama cha CDU kilikuwa kimepanga wagombea wake kwa namna iliyowanyima wanachama nafasi halisi ya kupendekeza watu wengine. Orodha ilikuja ikiwa imeshapikwa na viongozi. Baadhi ya wanachama, akiwemo mchapishaji Markus Wegner, hawakunyamaza, wakapeleka shauri mahakamani. Mei 1993 mahakama ya katiba ya Hamburg iliamua kwamba uteuzi ule haukuwa wa kidemokrasia, na kwa sababu hiyo uchaguzi mzima ulikuwa batili. Jiji zima likarudi kupiga kura Septemba 1993, wakiwemo wapiga kura wa vyama ambavyo havikukosa chochote. Wegner aliunda kundi lake na likapata viti barazani. Fikiria uzito wa uamuzi ule. Mahakama haikusema kwamba kura ziliibwa siku ya uchaguzi. Ilisema kwamba wananchi walipewa majina ambayo wanachama hawakuyachagua.

Hilo ndilo badiliko ninalolipigania kabla ya mengine yote: cheti kisikubaliwe kwa sahihi peke yake. IEBC ipokee cheti kikiwa kimeambatana na fomu ya matokeo ya kila kituo cha mchujo, iliyotiwa sahihi na mawakala na kubandikwa mlangoni, pamoja na orodha ya wanachama walioruhusiwa kupiga kura. Chama kinachotaka kumpa mtu tiketi ya moja kwa moja kilete ushahidi kwamba hakukuwa na mwombaji mwingine. Mizozo mingi inayozibana mahakama mwezi wa Mei ingekufa kabla ya kuzaliwa, maana ushahidi ungekuwa umeshabandikwa ukutani.

Orodha, basi, ndiyo kazi ngumu. Juni 2021 Wakenya walipoweza kuangalia mtandaoni kama ni wanachama wa chama fulani, watu wengi mno walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Wanaharakati, waandishi wa habari, na hata watumishi wa umma ambao sheria inawakataza walijikuta ni wafuasi. Nambari za vitambulisho tunaziacha kila mahali, kwenye daftari la mlinzi langoni na kwenye kibanda cha kutuma pesa, na anayehitaji majina 1,000 kwa kaunti 24 anajua pa kuyapata. Chama kinachoanza kwa majina ya kuokota hakiwezi kuwa na mchujo wa haki, kwa sababu hakijui wanachama wake ni nani, na hao wanaoitwa wanachama hawajui kwamba wana chama.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Uanachama uanze kwa mtu mwenyewe kulipa ada kwa simu yake mwenyewe, hata kama ni shilingi 50 kwa mwaka, na ajibu ujumbe wa kuthibitisha kutoka kwa Msajili wa Vyama, si kutoka kwa chama. Sajili ikae kwa Msajili na ifungwe miezi kadhaa kabla ya mchujo. Najua pingamizi: matajiri watawalipia maskini ada. Baadhi watafanya hivyo. Lakini kuwalipia watu 20,000 wa eneobunge moja, kila mmoja kwa simu yake, miezi kadhaa kabla, bila kuwa na hakika watampigia nani kwa siri, ni ghali kuliko kumlipa mtu mmoja makao makuu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na marekebisho ya 2022, yale ambayo wabunge walipigana ngumi kwa ajili yake Desemba 2021. Yalifanya jema moja, kutaka mchujo ufuate orodha ya wanachama. Kisha yakaruhusu mchujo kupitia wajumbe. Wajumbe mia tatu wanaweza kulazwa hoteli moja usiku mmoja, na kila mmoja akapata bahasha. Ghana waliyaona hayo. NPP ilikuwa ikimchagua mgombea wake wa urais kwa wajumbe wapatao 2,300. Kufikia 2010 ilipanua jopo hilo hadi zaidi ya watu 100,000, na NDC mwaka 2015 ikafungulia wanachama wake wote mchujo wa wabunge. Fedha hazikutoweka, na kura bado hununuliwa. Lakini kadiri wapigaji wanavyoongezeka, ndivyo bahasha inavyopungua nguvu na sifa ya mtu kwao inavyopanda.

Kuhusu pesa nitasema machache, ingawa zina mambo mengi. Sheria inasema Hazina ya Vyama vya Kisiasa ipate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya Serikali ya kitaifa, maana yake shilingi bilioni 3 kwa kila trilioni inayokusanywa. Serikali haijazoea kutoa kiwango hicho kamili. Zinazotolewa hugawanywa zaidi kwa kufuata kura ambazo chama kilipata, na huishia makao makuu. Tawi la kaunti lina bango, kiti cha plastiki na kodi ya miezi inayodaiwa. Ningependa sehemu ya fedha hizo ifuate ada za wanachama, shilingi kwa shilingi, na iende moja kwa moja kwenye akaunti ya tawi lililozikusanya. Ujerumani inafanya jambo linalofanana na hilo, ikiongeza ruzuku juu ya michango midogo. Sheria yetu ya gharama za kampeni, ya mwaka 2013, haijawahi kutumika katika uchaguzi wowote. Wabunge waliisimamisha kabla ya 2017 na wakakataa kanuni zake mwaka 2021. Bila wanachama wanaolipa, chama kitaendelea kuwa mali ya anayelipa kodi ya ofisi.

Wako marafiki zangu wanaosema kwamba haya yote ni bure kwa sababu Mkenya hupiga kura kwa kabila, na mchujo safi utampa mfalme wa kabila cheti safi. Sikubali. Katika ngome, mchujo ni watu wa jamii moja wakishindana. Mfalme wa kabila hana hoja ya kabila pale. Wote ni wa kwao. Ndipo swali la barabara, la zahanati isiyo na dawa, la pesa za mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF, linapoweza kuulizwa bila mtu kuitwa msaliti. Tukiziba nafasi hiyo kwa tiketi ya moja kwa moja, tunaondoa ushindani wa pekee ambao kabila haliwezi kuuamua.

Nani atayapitisha? Wabunge wa sasa ni watu waliopata vyeti kwa utaratibu wa sasa. Kuwangoja ni kungoja sana, ingawa ombi rasmi kwa Bunge chini ya Ibara ya 119 ni haki ya kila mtu na linapaswa kuwasilishwa kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto. Njia ninayoiamini zaidi ni ile ya Hamburg. Ibara ya 91 tayari inasema kinachohitajika, na Ibara ya 258 inampa mtu yeyote nafasi ya kwenda mahakamani akiona katiba imevunjwa. Mahakama zetu zimeonyesha uthubutu: Februari 2025 Mahakama Kuu ilisema kwamba Spika Moses Wetang'ula alikiuka katiba alipoutangaza muungano wa Kenya Kwanza kuwa ndio upande wa wengi. Jopo la mizozo ya vyama limezoea kesi za wagombea walioanguka, kila mmoja akitaka cheti kirudi kwake. Kesi ya mwanachama wa kawaida, asiyegombea chochote, anayedai kura yake ya mchujo, ni ya aina nyingine.

Mwanachama huyo aanze sasa kukusanya vielelezo. Achapishe ukurasa wa Msajili unaoonyesha uanachama wake na tarehe ya kujiunga. Ahifadhi risiti ya ada. Aiandikie ofisi ya tawi kwa barua iliyopigwa mhuri, aombe orodha ya wanachama wa wadi yake na tarehe ya uchaguzi wa mwisho wa tawi, na atunze jibu, au nakala ya barua isiyojibiwa. Siku ya mchujo apige picha mlango wa kituo saa kumi na mbili asubuhi, na aupige tena baada ya kura kuhesabiwa. Wakiwa watu ishirini wa wadi moja wenye bahasha za namna hiyo, wakili ana kesi.